UZI: Mtoto aliyeacha kulia kituoni, amezoea au amekata tamaa? (Kwa walezi wa miezi 3 hadi miaka 3)

#1 Mlezi_Kiongozi

Wadau wa malezi, habari za kazi. Uzi huu ni wa wote wanaolea watoto wa chini ya miaka 3 mchana, iwe kituo kilichosajiliwa au chumba cha mama mmoja anayelea watoto sita wa majirani. Tuongelee afya ya akili ya hawa wadogo, na naanza na neno linalosemwa kila jioni mlangoni: "Ameshazoea."

Mtoto wa miezi 14 analia siku ya kwanza mpaka sauti inakauka. Siku ya tatu analia kidogo. Siku ya tano halii kabisa, anakaa pale pale alipowekwa, na mama akija jioni anamtazama tu. Mama anaambiwa hongera, ameshazoea. Hapo bado hatujui. Kilio cha mtoto ni mwito, na anayeita bado anaamini yupo wa kuitika. Akiacha kuita, huenda amepata mtu mpya anayemwitikia, au ameona hayupo. Kwa mbali hali zote mbili ni ukimya mmoja.

Tofauti utaiona ukikaa mkekani, macho yako usawa wa macho yake, dakika 10 bila kufanya kazi nyingine. Aliyezoea anacheza, anainua kichwa kumtafuta mlezi wake, akimwona anarudi kwenye mchezo. Akianguka anakwenda kwa mtu mmoja anayemjua. Akinyang'anywa kopo anagomba. Mama akiingia jioni ananyoosha mikono, na mara nyingi anaangua kilio hapo hapo. Kilio hicho cha jioni ni habari njema, ingawa mama wengi wanakiona kama shtaka: mtoto amepata mtu wa kumwagia uchovu wa siku nzima.

Aliyekata tamaa ana kitu mkononi lakini hakichezi. Akianguka hamtafuti mtu. Ama hamwendei yeyote, ama anamwendea kila mgeni, hata fundi aliyekuja kurekebisha bomba anapandiwa mapajani, na watu wanasifu kwamba mtoto ni mchangamfu. Analala kupita kawaida yake, au anashtuka kila mlango ukigongwa. Uji anakunywa, lakini uzito kwenye kadi ya kliniki umesimama.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila kituo: mtoto mpya akinyamaza, ndipo mwanze kumchunguza. Msifunge jalada.

#2 Mwalimu_Pwani

Asante Mlezi_Kiongozi. Huku Mombasa tuna neno jingine linaloharibu kazi: "anadeka." Mtoto wa miezi 5 hana uwezo wa kudeka. Kudeka kunataka apange kwamba nikilia hivi, fulani atafanya vile. Hajafika huko. Analia kwa njaa, joto, mkojo, usingizi, kelele, maumivu au upweke. Katika wiki za mwanzo kilio hupanda chenyewe, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, kisha hushuka taratibu kufikia miezi 3 au 4. Anayeitikiwa haraka katika kipindi hiki haharibiki. "Usimbebe, atazoea mikono." Sasa azoee nini kingine?

Ila kumbeba mgongoni nako kuna kiasi chake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka 5 unasema mtoto asifungwe mahali pamoja, iwe kwenye kigari, kiti au mgongoni, zaidi ya saa 1 mfululizo. Anahitaji sakafu ajigeuze. Mimi naongeza sababu ya pili: akiwa mgongoni hauoni uso wako.

Uso una kazi kubwa. Mtafiti Edward Tronick, huko Marekani miaka ya 1970, aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao, kisha waukaushe uso kwa dakika chache: wasicheke, wasiseme, wasijibu. Mtoto anatabasamu, hapati kitu. Ananyoosha mkono, anapiga kelele, mwishowe anageuza uso pembeni na kujikunyata. Sasa fikiria mlezi anayelisha uji huku macho yako kwenye simu. Kijiko kinafika, uso haupo. Mara moja haimdhuru mtu, maana hakuna mzazi anayeitikia kila wito. Jambo zito ni ukavu wa kila siku usiofuatwa na kurudi.

#3 Baba_Wawili

Nimewaelewa. Lakini siku za mwanzo mnafanyaje hasa? Vituo vingi vinashauri: mpe mlezi mtoto, wakimchezesha wewe ondoka kinyemela asikuone.

#4 Mlezi_Kiongozi

Kaka, kuondoka kinyemela ndilo kosa namba moja. Kunapunguza kilio cha dakika tano na kuleta hofu ya wiki tano. Mtoto anajifunza kwamba ukigeuza macho, mama anapotea. Kuanzia hapo hageuzi macho. Hachezi, anang'ang'ania sketi, nyumbani mama hawezi hata kwenda chooni.

Utaratibu tunaoufuata unafanana na ule uliotengenezwa Berlin miaka ya 1980, ambao vituo vingi vya Ujerumani vinautumia. Siku 3 za kwanza mzazi anakuja na mtoto, wanakaa chumbani kama saa moja, kisha wanaondoka wote wawili. Mzazi anakaa sehemu moja, kwenye mkeka au kigoda, hachezeshi wala hamsukumi mtoto "nenda kwa anti." Yupo tu, mtoto akirudi anampokea. Mlezi mmoja, yule yule siku zote tatu, anasogea polepole: siku ya kwanza anacheza karibu bila kumgusa, ya pili anampa kitu mkononi, ya tatu anambadilisha pampasi au kumlisha mzazi akiwa pembeni.

Siku ya 4 mzazi anaaga. Anachuchumaa, anamtazama, anasema sentensi ile ile ambayo ataisema kila siku: "Mama anakwenda kazini, utakula uji, utalala, nitakuja." Anatoka. Asirudi mlangoni mara tatu, asilie mbele yake. Anakaa nje ya jengo. Mtoto akilia na mlezi akaweza kumtuliza, mzazi arudi ndani ya dakika 30. Akilia bila kutulizika, arudi baada ya dakika mbili tatu, na hapo hatujaribu kumwacha tena kesho yake. Tunarudi kwenye kukaa pamoja siku chache zaidi. Baadaye muda unapanda: nusu saa, saa moja na nusu, mpaka chakula cha mchana, mpaka baada ya usingizi. Usingizi uwe wa mwisho, kwa sababu kulala mahali pageni ndiko kunakotaka imani kubwa kuliko yote. Kwa kawaida huchukua wiki 2, wengine 3.

Makosa yanayotokea sana: kumwanzisha Jumatatu siku ambayo watoto watatu wengine wanaanza, mlezi aliyempokea kuwa na likizo wiki inayofuata, na mzazi kuaga halafu kubaki dirishani akichungulia. Mtoto akimwona dirishani, mnaanza upya.

Kanga ya mama isiyofuliwa, yenye harufu yake, inasaidia sana. Kwa aliye chini ya mwaka 1 msiiweke kitandani wala karibu na uso wake akiwa amelala. Mlezi aitupie begani mwake anapombembeleza, kisha mtoto alazwe chali, pembeni yake pasiwe na kitambaa wala mito.

#5 Anti_Zuu

Haya ya wiki 2 ni mazuri kwenye karatasi. Mama wa sokoni asipofungua meza leo, leo hawali. Na aliyeajiriwa, bosi atamwelewa?

#6 Ustawi_Kata

Dada Zuu, swali la haki kabisa. Kwa aliyeajiriwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria hiyo hiyo inamruhusu anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Mama wengi hawaziombi. Basi wiki mbili za mwisho za likizo ndizo za kuzoesha, na akianza kazi, zile saa 2 azitumie kuja mchana kunyonyesha. Ziara hiyo inampa mtoto alama ya katikati ya siku.

Kwa mama wa sokoni, anayezoesha si lazima awe yeye. Baba, bibi, shangazi, yeyote ambaye mtoto ameshamwamini. Bibi akikaa mkekani siku 4 asubuhi saa 1 hadi saa 3, kazi ya mwanzo imefanyika.

Na jueni kuhusu umri. Mtoto wa miezi 3 anaingia kituoni bila shida, kila mtu anafurahi. Akifika miezi 7 hadi 9 ghafla analia asubuhi, anakataa walezi wengine, na mama anahisi kuna mtu amemdhuru. Uchunguzi ufanyike, hilo halina mjadala. Lakini mara nyingi ni makuzi: sasa anamtofautisha mama na wengine, anajua mama akiondoka hayupo. Hofu hii hupanda mpaka kati ya miezi 10 na 18, kisha hutulia. Kituo kimwambie mama mapema, kabla mwezi wa saba haujafika. Na kama familia ina uhuru wa kuchagua, waanze kabla ya kipindi hicho au baada yake.

#7 Nesi_Kliniki

Naomba niweke breki kidogo. Kabla ya kusema mtoto ana shida ya moyo au akili, tazameni mwili. Mtoto aliyepoteza uchangamfu anaweza kuwa na upungufu wa damu, malaria, minyoo kwa aliyekwishaanza kutambaa, sikio linalouma au njaa tu. Asiyeitikia jina huenda hasikii vizuri: simama nyuma yake, asikuone, gonga kijiko kwenye kikombe upande mmoja kisha mwingine. Asipogeuka, kituo cha afya, msisubiri "ataongea akikua."

Haya ndiyo ya kuleta kliniki bila kungoja tarehe ya chanjo. Miezi 3 imepita na hatabasamu kwa mtu. Miezi 6, macho yake hayafuati uso wala sauti haimfurahishi. Miezi 12, habwabwaji, haoneshi kwa mkono, hamtofautishi mlezi wake na mgeni. Miezi 18, hana neno hata moja wala haigi tunachofanya. Na umri wowote: alikuwa anasema au anatembea, sasa ameacha. Hilo la mwisho ni la wiki hiyo hiyo.

Halafu mtazameni mama. Sonona baada ya kujifungua inaonekana kituoni kabla haijaonekana kliniki, kwa sababu ninyi mnamwona mara mbili kwa siku. Anamkabidhi mtoto bila kumtazama. Anasema "huyu mtoto hanipendi." Amekonda, halali hata mtoto akilala. Kipimo cha sonona hiyo kinachoitwa Edinburgh, cha 1987, kina maswali 10 na huchukua dakika tano, tunacho kliniki. Ninyi msikipime, mleteni. Kwenye kipimo hicho swali la 10 ni la wazo la kujidhuru, na jibu lolote tofauti na "kamwe" linashughulikiwa siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa ndogo. Kwa hiyo mama akikwambia heri nisingekuwepo, usimwambie amwombe Mungu apite. Mfuate mpaka kwa mhudumu. Kumhudumia mama huyo ni kumhudumia mtoto.

#8 Mwalimu_Pwani

Nesi, ubarikiwe. Naona umemgusa mama. Mimi narudi kwa mlezi, maana hapo ndipo vituo vyetu vinapoanguka.

Kosa kubwa ni kugawana kazi badala ya kugawana watoto. Chumba kina watoto 12 na walezi 3: mmoja analisha wote, mmoja anabadilisha wote, mmoja analaza wote. Inaonekana safi, kazi inakwenda. Lakini kila mtoto anapita mikono mitatu na hakuna anayejua kwamba huyu leo hakumaliza maziwa NA pampasi ilikuwa kavu NA amelala mapema. Kila mlezi ana kipande kimoja.

Gawaneni watoto. Kila mlezi na wake wanne. Yeye ndiye anayewapokea asubuhi, kuwalisha, kuwabadilisha, kuwalaza na kuongea na wazazi wao. Kila mtoto awe na mlezi wa pili anayemjua, kwa siku ambayo wa kwanza anaumwa. Mikeka ya rangi tofauti inatosha kuonesha kundi. Na hata idadi ikiwa mbaya, tuseme watoto 20 kwa walezi 2, bado gawaneni kumi kumi. Idadi hiyo ni mbaya, sitaitetea, lakini kumi wenye mwenyewe ni nafuu kuliko ishirini wa wote.

#9 Mlezi_Kiongozi

Hapo pa kubadilisha pampasi naomba tukae kidogo, kwa sababu watu wanapaona pa haraka haraka.

Mtoto wa miezi 9 anabadilishwa kama mara 4 kwa siku. Ukitumia dakika 5 kila mara, ni dakika 20 za mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, uso kwa uso. Kwenye kituo chenye watoto wengi hakuna pengine utakapozipata. Emmi Pikler, daktari wa Budapest aliyeanzisha nyumba ya watoto wachanga 1946, alijenga malezi yote ya pale juu ya nyakati hizi: kubadilisha, kuogesha, kulisha.

Inakwenda hivi. Usimnyakue kutoka nyuma. Njoo mbele, chuchumaa, muoneshe pampasi safi, sema "Twende nikubadilishe." Nyoosha mikono, hesabu kimya mpaka tano. Utaona mabega yanainuka kidogo au anakuegemea. Hilo ndilo jibu lake, mbebe. Weka vitu vyote karibu kabla, maana mkono mmoja hauachi mtoto mezani hata sekunde. Pasha mkono wako. Mwambie unachofanya: "Navua. Maji haya, ya baridi kidogo." Akishika kitambaa, mwachie akishike, chukua kingine. "Inua mguu": wa miezi 9 baada ya wiki mbili tatu atauinua mwenyewe. Akilia, simama, mtazame, endelea taratibu. Mtoto anayeshirikishwa mwilini mwake namna hii anajifunza kwamba ana neno juu ya mwili wake, na hiyo ni kinga dhidi ya mengi baadaye.

#10 Baba_Wawili

Na wanaouma wenzao? Kuna kituo kinapaka pilipili mdomoni, kingine kinamwambia aliyeumwa naye aume.

#11 Ustawi_Kata

Pilipili ni ukatili, tusiite nidhamu. Kumuuma ili ajue uchungu kunamfundisha kwamba wakubwa nao wanauma. Kuuma ni kawaida kati ya mwaka 1 na miaka 2 na nusu: meno yanaota, maneno hayajatosha, au amebanwa kwenye kona na wenzake.

La kufanya papo hapo: ingia katikati, mshike aliyeumwa kwanza, osha jeraha kwa maji na sabuni. Kisha mwangalie aliyeuma, sauti ya chini, maneno machache: "Hapana. Kuuma kunaumiza." Usimtangaze, usimtenge chumbani peke yake. Halafu kazi halisi inakuja kwenye daftari: saa ngapi, wapi, nani alikuwa karibu, kitu gani kiligombewa. Baada ya siku 5 mtaona kinachojirudia. Mara nyingi ni saa 5 kwenda saa 6 mchana, wote wana njaa, wamebanwa wakisubiri kunawa mikono. Tibuni saa hiyo: gaweni kundi mara mbili, leteni chakula dakika 20 mapema, wekeni makopo mawili yanayofanana badala ya moja zuri. Na mpeni neno la kusema, "yangu" au "ondoka", kabla hajatumia meno. Wazazi wa aliyeumwa waambieni kilichotokea bila kumtaja aliyeuma.

Vitisho navyo viondoke: "mama yako haji tena," "nitamwita daktari akuchome sindano," "zimwi litakuchukua." Mtoto wa miaka 2 anaamini neno kwa neno.

#12 Nesi_Kliniki

Na uji wa kulazimisha. Kumlaza mtoto chali, kumziba pua ili ameze, kwanza ni hatari kwa mapafu: uji unaingia njia ya hewa. Kisha inakuja ya pili, chakula kinakuwa vita. Mkalishe wima, subiri afungue mdomo, akigeuza uso pumzika dakika moja, jaribu mara mbili, kisha acha. Andika alichokula. Asipokula siku mbili, ni habari ya kumpa mzazi na kliniki.

Jingine: dawa za mafua au mzio zenye usingizi ili watoto walale mchana. Acheni kabisa. Mtoto anaweza kushindwa kupumua.

Runinga pia. Mwongozo ule ule wa WHO: chini ya miaka 2 hapana kabisa, wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Kituo kinachowasha katuni saa 2 asubuhi mpaka saa 6 kimeondoa watu mbele ya mtoto.

#13 Mswahili_Kentucky

Salamu kutoka Marekani. Huku kuna familia nyingi za Kikongomani zinazosema Kiswahili, na watoto wao wengine wako Early Head Start, programu ya serikali iliyoanzishwa 1994 kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 3. Ninayoona yanafaa hata huko nyumbani ni haya. Darasa ni watoto 8 kwa walezi 2, na programu inahimizwa watoto wabaki na mlezi yule yule miaka mingi iwezekanavyo, wasihamishwe chumba kila siku ya kuzaliwa. Kwa wasiokuja kituoni, mtembeleaji huenda nyumbani kila wiki kwa dakika 90, na kazi yake si kucheza na mtoto bali kukaa pembeni mama acheze, yeye ataje anachokiona: "Tazama, umesema jina lake akageuka." Na lazima wawe na mshauri wa afya ya akili anayekuja darasani, anakaa, anaangalia, kisha anaongea na walezi.

Tatizo la huku ni lugha. Mtoto wa miezi 16 anabembelezwa kwa Kiingereza ambacho hajawahi kukisikia. Dawa ni mzazi kumwandikia mlezi maneno kumi kwa matamshi: maji, njoo, mama anakuja, lala, pole, chuchu, inauma, nyonya, basi, nimeshiba. Na wimbo mmoja wa kulaza. "Pole" peke yake inafanya kazi kubwa.

#14 Anti_Zuu

Hilo la lugha lipo hata hapa. Mtoto wa kijijini anayejua Kisukuma tu analetwa Dar, mlezi anasema ni mkaidi.

Swali: dada wa kazi aliyemlea mtoto tangu mchanga ameondoka ghafla, mtoto wa miezi 20 ameanza kituo wiki hiyo hiyo. Anaamka usingizini akipiga kelele.

#15 Mlezi_Kiongozi

Huyo ana msiba, dada Zuu, na lazima tumtendee kama mfiwa. Kwa mtoto aliyelelewa saa 10 kwa siku na dada, kuondoka kwake ni kupoteza mtu wa karibu sana, hata kama mama yupo.

Kama familia inaweza, isogeze kituo mbele wiki 2 au 3. Mabadiliko mawili wiki moja ni mengi. Kama haiwezekani, nyumbani pasibadilike kitu kingine: asihamishwe kitanda, asiachishwe ziwa, asianzishwe poti mwezi huu. Jina la dada litajwe. Watu wanafikiri kulitaja kunamkumbusha, lakini hajasahau. "Dada amekwenda kwao. Unamkumbuka. Mama yuko hapa." Picha yake ibaki. Akiweza kupiga simu, apige, hata mara moja, aage.

Kituoni mlezi wake awe mmoja, na usingizini asimlaze akaondoka. Akae pembeni, mkono mgongoni mwa mtoto, na awepo anapoamka, kwa sababu kuamka na kukuta hayupo mtu ndiko kunakorudia jeraha. Kwa kawaida kelele hupungua ndani ya wiki chache. Zikiongezeka, au akiacha kula na kucheza, Nesi ameshasema pa kwenda.

#16 Mtafiti_Kampala

Kuna jambo la kihistoria linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye jina lake liko kwenye kila somo la uhusiano wa karibu wa mtoto na mlezi, alianza kazi hiyo vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akiwatembelea kina mama 26 wa Kiganda nyumbani kwao. Alichapisha 1967. Kati ya mambo aliyoyaona ni kwamba mama aliyeweza kumweleza mtoto wake kwa undani, anapenda nini, analia vipi akiwa na njaa, ndiye ambaye mtoto wake alikuwa na utulivu naye.

Mkuu wa kituo anaweza kuligeuza jambo hilo kuwa kipimo kisicho na gharama. Mwambie mlezi: nieleze huyu mtoto dakika mbili. Akisema "ni mpole, hasumbui," hamjui. Akisema "akisinzia anavuta sikio la kushoto, hapendi maji kichwani, akiwa na hasira anakwenda nyuma ya mlango, ukimfuata na kopo lake anarudi," huyo mtoto ana mtu.

#17 Ustawi_Kata

Mkuu, nitaitumia hiyo kwenye ukaguzi kuanzia wiki hii. Watu wa Tanzania, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya 2021/22 hadi 2025/26 inataja malezi yenye mwitikio pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Ukienda ofisi ya halmashauri kuomba mafunzo kwa walezi, itaje hiyo. Ukiona dalili za ukatili, piga simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ni bure, Tanzania na Kenya.

Na mlezi naye apumzishwe. Dakika 15 asubuhi na 15 mchana nje ya chumba, na neno moja mlilokubaliana, mfano "nishikie," ambalo akilisema mwenzake anachukua mtoto papo hapo bila maswali. Watoto wengi wanapigwa mwishoni mwa siku, na mlezi aliyeweza kusema "nishikie" saa 9 hampigi mtu saa 10.

#18 Baba_Wawili

Hilo daftari mnalolitaja liwe na nini? Nataka kuwapelekea walezi wa binti yangu Jumatatu.

#19 Mlezi_Kiongozi

Ukurasa mmoja kwa mtoto kwa siku, mistari sita inatosha: aliingiaje (analia, kimya, anacheka, na nani kamleta), alikula nini na kiasi gani, alilala saa ngapi hadi saa ngapi, alilia lini na kwa nini tunavyodhani, nini kilimtuliza, na kitu kimoja kipya alichofanya. Mstari wa "nini kilimtuliza" usiachwe wazi. Ukiwa wazi siku tatu mfululizo, mkuu wa kituo akae na mtoto huyo mkekani zile dakika 10.

Nyuma ya daftari wewe na mama yake andikeni mnayoyajua ninyi: anaitwaje nyumbani, analala kwa wimbo gani, anaogopa nini. Mpe mlezi mkononi, msome pamoja mtoto akiwepo.